Bi Rahila na Funguo za Mtaa

Rumaitha alitoa habari yake kabla hata hajavua viatu.

"Asya, yule bibi anaingia nyumba za watu mchana," alisema, bado kasimama mlangoni, mkono mmoja ukutani. "Anaingia, anakaa, anapika chai, anakunywa. Halafu anaondoka zake kama si yeye."

"Bibi gani?"

"Bibi gani tena! Bi Rahila wenu, mwenye funguo."

Asya alikuwa amempakata Yaqeen, mwanawe wa kwanza, ambaye siku hizo alikuwa anaota meno na halali ila mapajani mwa mtu. Alimnyooshea Rumaitha mto wa kukalia bila kuinuka.

"Nisikilize," Rumaitha akasema, akikaa. "Juzi kichwa kiliniuma kazini, nikaomba ruhusa, nikarudi mapema. Nafungua mlango wangu mwenyewe, nani kakaa sebuleni kwangu? Pazia limefungwa, kiza, na kikombe changu cha harusi mkononi. Wala hakushtuka, wallahi. Ananambia, 'Khulood, mbona mapema leo?' Khulood! Mie na jirani yetu Khulood tunafanana wapi? Yule ukimtazama kwa ubavu humwoni, na mie hivi nilivyo!"

Asya alicheka, Yaqeen akafumbua jicho moja na kulifumba tena.

"Cheka tu. Mie nilimpa ufunguo amfungulie mtu wa gesi, basi. Sikumpa aje kunikalia. Na tena hawa watu wa bara, hujui wanayoyajua." Rumaitha kwao ni Unguja, na maneno haya aliyarithi kwa bibi yake pamoja na vikombe. "Ijumaa baada ya sala nawaita wote kwangu, kahawa. Kila mtu achukue ufunguo wake mbele ya macho yake. Wewe bahati yako hujampa wako. Usimpe."

Aliondoka akiacha harufu ya udi na ule wasiwasi wake. Asya alikwenda jikoni, akavuta droo. Ufunguo wa akiba ulikuwa humo, karibu na kopo la hiliki. Hazim, mumewe, alikuwa keshamwambia mara kadhaa, "Mpelekee Bi Rahila. Siku ukienda kwenu Ibra, nani atamfungulia mtu wa gari la maji?" Naye kila siku alisema kesho. Akaifunga tena droo bila kuugusa ule ufunguo.

Mtaa wao uko nje kidogo ya Izki, huko Omani, upande wa barabara kuu, mbali na mitende na mfereji wa falaji ambako nyumba za udongo za zamani zimebaki. Nyumba za huku zote zimetoka kwenye ramani moja: ukuta wa rangi ya mchanga, lango la chuma, tangi la maji juu ya paa. Waliojenga huku ni watu wenye kazi Maskati wasioweza kodi za Maskati, au wasiozitaka. Wakishasali alfajiri huwasikii tena ila milango ya magari. Wanaume wanakunywa kahawa wima. Wanawake wenye kazi wanabeba chupa ya chai kwapani na viatu vya ofisini mkononi. Wanapandiana magari, leo la huyu kesho la yule, wanashika njia ya bonde la Samail, na jua linapotoka mtaa umebaki na njiwa.

Asya alipohamia, kimya kile kilimtisha. Kwao Ibra nyumba haijapata kukaa bila mtu. Ukiamka unamkuta shangazi, ukilala unamwacha shangazi. Huku mchana kutwa angeweza kutoka na mtoto begani, akatembea mtaa mzima, asimwamkie mtu. Isipokuwa Bi Rahila.

Bi Rahila alikuwa akimwona, au Asya alidhani anamwona, mwenyewe akitoka lango hili na kuingia lile, kanga moja kiunoni na moja kichwani, na kitita cha funguo kinalia mkononi kama njuga. Kila ufunguo una kipande cha kanga. Huo ndio ulikuwa mtindo wake: mwanamke akimpa ufunguo, yeye huomba na kipande cha kanga yake iliyochakaa, aufungie. Hakutaka namba wala majina. "Nyumba ina mwenyewe," alisema, "na mwenyewe ana kanga yake." Kwa hivyo kwenye kile kitita Khulood alikuwa wa kijani, Rumaitha mwekundu wenye korosho nyeupe, na mama yake Turki wa buluu.

Maisha yake Asya aliyajua kwa vipande, wakikutana langoni. Alizaliwa Tabora, baba yake akiwa na duka la vitambaa. Wakaja Omani yeye bado kigori, hajui baridi ya mlimani wala Kiarabu cha watu wa huku, akichekwa na mabinamu kwa kusema "shikamoo" kwa kila aliyemzidi urefu. Akaolewa na Nasr, fundi wa magari ya serikali. Nasr ndiye aliyejenga nyumba ya kwanza pale, wakati pote palikuwa mawe matupu, na watu wa Izki wakamuuliza kama kagombana na majirani. Kila siku alikwenda Maskati na kurudi, barabara ikiwa bado nyembamba, malori yakija usoni.

"Hatukuwa na simu mkononi," Bi Rahila alimsimulia siku moja. "Nikimngoja, namngoja kweli. Basi akanambia, 'Rahila, wewe washa taa ya nje kabla ya magharibi. Mimi nikifika pale barabara inapopanda, naiona. Nikiiona, najua nyumbani salama, na mguu wenyewe unapunguza mwendo.' Nikawasha. Mpaka alipokufa, kitandani mwake, alhamdulillahi, si barabarani, sikuacha hata siku moja."

Nasr alipoondoka aliendelea kuwasha, mkono ulikuwa umeshazoea. Na jioni moja, akiwa kibarazani, akaona nyumba ya Khulood iko kiza, kwa kuwa Khulood na mumewe wote wako Maskati, na inayofuata kiza, na ya tatu kiza. Khulood alikuwa ameshampa ufunguo awalishe ndege wake. Akaingia, akalisha ndege, akawasha na taa ya nje. Mumewe Khulood alikuja kumshukuru usiku ule ule kama aliyepewa mali. Kutoka hapo funguo zikaja zenyewe. Akawa mtu wa kumfungulia wa gesi, wa kupokea mizigo, wa kutazama kama bomba limepasuka, na ikifika jioni, wa kuwasha taa za mtaa mzima, lango baada ya lango. Turki, kijana mhandisi, aliweka kwao taa inayowaka yenyewe mtu akipita. Bi Rahila aliitazama ikimulika barazani.

"Nzuri," akamwambia. "Jana usiku kucha ilimwashia paka."

Siku ya pili ya habari ya Rumaitha, mchana, Asya alikuwa chini sebuleni akimnyonyesha Yaqeen, mapazia yamefungwa kwa ajili ya jua. Mlango wa mbele hakuufunga kwa ufunguo, mchana hawafungi wanaobaki. Akasikia funguo zinalia, mmoja ukajaribiwa kwenye tundu, ukakataa. Kisha kitasa kikageuzwa na mlango ukafunguka.

Hakupiga hodi. Bi Rahila, mtu wa kupiga hodi hata kwenye banda la kuku, aliingia moja kwa moja, akavua viatu, akapapasa ukuta kwa kiganja mpaka akapata swichi. Taa ikawaka. Asya alikuwa pale pale, hatua chache mbele yake, na Bi Rahila alimtazama wazi na akampita.

Asya alimkumbatia Yaqeen, akamfuata bibi kwa macho.

Bibi akaingia jikoni. Maji yakafunguliwa, birika likakaa juu ya jiko. Akatoka amefumba ngumi, akaenda hadi dirishani, kwenye kona ambapo Asya alikuwa ametundika nguo za mtoto zikauke.

"Haya wanangu," alisema kwa sauti ya kubembeleza, akifungua kiganja. Kilikuwa na mtama. "Mbona kimya leo? Mmenuna? Jana nilichelewa, najua, miguu hii."

Alinyoosha mkono kutafuta mlango wa tundu la ndege. Mkono ukashika fulana ya Yaqeen, ndogo, yenye unyevu. Akapapasa mkono mmoja wa fulana, kisha wa pili. Mtama ukaanza kumwagika chini, punje kwa punje, naye hakuujua.

"Hapa si kwa Khulood," alisema polepole.

Asya alikuwa tayari na neno la kumfichia aibu. "Karibu, bibi," akasema, kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. "Shikamoo. Umefanya vizuri kuja kututazama."

Bi Rahila aligeuka, lakini akageukia upande uliokosea kidogo, penye kabati.

"Marahaba, mwanangu." Akatega sikio. "Wewe ni Asya."

"Ndiye mimi."

"Na umekuwa hapo tangu nilipoingia."

"Ndiyo, bibi."

Bibi alikaa chini pale pale alipokuwa, juu ya mtama. Yaqeen, aliyekuwa ameshiba, alijikokota juu ya zulia na kuanza kuziokota zile punje na kuzipeleka mdomoni, Asya akimtoa moja baada ya moja. Kazi hiyo iliwasaidia wote wawili kutotazamana.

"Ni kama mtu kapumulia kioo," Bi Rahila akasema. "Kwanza jicho moja, nikasema si kitu, lipo la pili. Sasa na la pili. Mlango nauona ni mlango. Mtu akitembea namwona ni mtu. Lakini mlango wa nani, mtu gani, sijui mpaka aseme. Vile vitambaa vyangu vyote vimekuwa rangi moja, rangi ya maji ya mchele. Na nyumba zenyewe hizi, mwanangu, hata mwenye macho mazima anapotea."

"Umekwenda kwa daktari?"

"Nilikwenda Nizwa na teksi ya Nadhir, nikamwambia naenda kununua halua. Wanasema mtoto wa jicho, wanamtoa, siku hiyo hiyo unarudi kwako. Wamenipa na siku. Ni Jumapili hii."

"Basi alhamdulillahi! Na Thuwaini kasemaje?"

Thuwaini ni mwanawe wa pekee, mwenye cheo kizuri Maskati na fleti ya ghorofa ya juu yenye kuona bahari kwa mbali. Bi Rahila alitikisa kichwa.

"Thuwaini hajui. Na wewe hujui. Yeye kila akipiga simu ananambia, 'Mama, siku utakayoshindwa na jambo moja tu, unakuja kwangu, khalas.' Anasema kwa mapenzi, simlaumu. Chumba ameshakipaka rangi. Nilikaa kwake Ramadhani iliyopita. Kutwa nasikiliza lifti ikipanda na kushuka, haimleti mtu kwangu. Huku nina kazi, Asya. Nikiondoka hapa mara moja, sirudi. Nyumba nitasikia imeshapangishwa."

Birika likaanza kupiga mluzi. Asya aliinuka akalizima, akarudi na vikombe viwili, akakiweka kimoja mkononi mwa bibi na kuukunja mkono wake juu yake. Alifikiri kidogo. Kumwambia ni kumwumiza, kutomwambia ni kumwacha aende Ijumaa ile kama mtu anayekwenda kunywa kahawa tu.

"Bibi, Rumaitha anasema unaingia nyumba za watu. Ijumaa anataka kila mtu achukue ufunguo wake. Mbele yako."

Bi Rahila alimaliza chai, akakiweka kikombe chini. Kisha akasema, "Kumbe ndiyo maana siku hizi ananijibu kwa neno moja. Nikadhani kazi imemchosha."

Jioni ile Asya alimfunga Yaqeen mgongoni na kutoka pamoja naye kuwasha taa. Hakushika mkono wake. Alitembea kando yake tu akizungumza maneno ya kawaida, na kila walipofika lango alisema, "Kwa Khulood tumefika," au, "Hapa kwa kina Turki," kana kwamba anamwonyesha mtoto. Bibi alitoa ufunguo, Asya akagusa kitambaa kama si huo, bibi akatoa mwingine. Taa zikawaka moja moja. Juu, pale barabara kuu inapopanda, magari ya watu wa Maskati yalikuwa yanateremka yamefuatana, na Asya, aliyekuwa hajapata kusimama nje saa ile, akatambua kwamba mojawapo ni la Hazim, na kwamba kutoka kule naye anaziona taa zao.

Ijumaa wanaume walibaki msikitini na mazungumzo yao, na wanawake wakajaa kwa Rumaitha. Sinia la tende, halua, sambusa za Khulood ambazo kila mtu anazijua kwa chumvi. Bi Rahila aliingia nyuma ya Asya, kavaa kanga mpya, akasalimia sauti baada ya sauti. Rumaitha alizunguka mwenyewe na dele la kahawa, mkono wa kulia ukishika vikombe vidogo.

Kahawa ya huku ina adabu yake: mwenye kumimina haachi kumimina mpaka mgeni akitikise kikombe, ndiyo dalili ya kutosheka. Bi Rahila alikunywa cha kwanza, akakunywa cha pili. Rumaitha akapita akamjazia cha tatu, kimya kimya, kwa kuwa hakutaka kusema naye. Bi Rahila, aliyedhani kikombe ni kitupu, akakiinua na kukitikisa.

Kahawa ya moto ikamrukia mkononi, ikamwagika juu ya kanga mpya na juu ya mkeka wa watu.

"Kikombe kimejaa, bibi!" Khulood akasema. "Hukukiona?"

"Sikukiona," Bi Rahila akajibu. Hakuufuta mkono wake. "Wala sikukiona kile cha harusi cha Rumaitha siku ile, nilidhani nanywea cha kwako. Nimeingia kwa Rumaitha nikidhani nimo kwako, Khulood, na mtama ninao mkononi. Na nimeingia kwa Asya. Kwa nani mwingine nimeingia, mtanisamehe, sijui. Macho yangu yamefunga. Rumaitha kasema kweli na haki yake."

Akakitoa kile kitita kiunoni na kukiweka katikati, kando ya sinia la tende, vitambaa vyote vimelala huku na huku.

Rumaitha alikuwa wa kwanza kujitikisa. Alileta maji ya baridi na kitambaa, akapiga magoti, akaufuta ule mkono kidole kwa kidole.

"Tangu lini?" aliuliza chini chini.

"Tangu baridi."

"Na ukazunguka hivyo hivyo? Na gesi unaifungulia? Ungeanguka je, Bi Rahila? Ungejichoma je?"

"Nisingekwambia," bibi akasema, na mtu mmoja akacheka, kisha wengine.

Khulood alikisukuma kile kitita kwa kidole kumrudishia. "Mie wangu ubaki. Ndege wenyewe wamenenepa mpaka hawaruki, sasa najua kwa nini, hujui kama umeshafika, unawalisha mara mbili kwa siku." Mama yake Turki naye akasema wake ubaki. Lakini Rumaitha aliufungua ule wenye kipande chekundu, akauweka kwenye mfuko wa gauni lake. "Mie nauchukua," alisema, hakumtazama mtu. "Kwa sasa. Roho yangu haitatulia." Hakuna aliyembishia. Kahawa ikamiminwa upya.

Walirudi pamoja jua likiwa limepoa, Yaqeen kalala begani. Bi Rahila alimshika Asya mkono safari hii, waziwazi. Walipofika lango lake akasimama.

"Asya, Jumapili nipeleke Nizwa."

"Hazim atachukua ruhusa, bibi, tutakwenda sote. Lakini Thuwaini? Akijua baadaye atakasirika."

"Nitampigia mwenyewe, nikishatoka. Akasirike na mimi namwona anavyokasirika." Alikitoa kitita, akampa, na uzito wake ukamshangaza Asya. "Na hizi nishikie mpaka wanitoe bandeji. Na wako ufunge humo humo, kwa kanga hiyo unayombebea mtoto. Nikifunguliwa macho niutafute."

Asya alisema atafanya. Bibi hakuuachia mkono.

"Na taa, usisahau. Kabla ya magharibi, mwanangu, si baada yake. Kwa Rumaitha hutakuwa na ufunguo, lakini swichi yake iko nyuma ya nguzo ya lango, pitisha mkono kwenye vyuma utaifikia. Mumewe, Taimur, anarudi kachoka yule, anasinzia kwenye usukani. Hata kama hawasemi na mimi, nakuomba, uanze na ya kwao."